Uzi: Jack Clitheroe alikufa kwa ajili ya Ireland au kwa ajili ya mkanda wa kiofisa?

#1 Jukwaani

Wadau, habari zenu. Nimemaliza kusoma The Plough and the Stars, tamthilia ya Sean O'Casey kuhusu uasi wa Pasaka wa 1916 mjini Dublin dhidi ya utawala wa Waingereza, na kuna swali linanisumbua. Naomba tulichimbe, tusipite juu juu.

Kwa ambao hawajaisoma: mambo yote yanazunguka nyumba moja chakavu ya kupangisha vyumba. Sehemu mbili za mwanzo ni Novemba 1915, mbili za mwisho ni wiki yenyewe ya Pasaka. Jack Clitheroe ni fundi mwashi. Mkewe Nora anahangaika kuinua maisha yao, mpaka mlango wa chumba chao anautia kufuli jipya, jambo linalowaudhi majirani. Jack alikuwa Citizen Army, jeshi dogo la wafanyakazi, kisha akaacha kuhudhuria. Jioni moja wamekaa wawili, wametulia, anabisha hodi Kapteni Brennan na amri kutoka kwa Jenerali Connolly, mkuu wa jeshi hilo, anamwita Jack "Kamanda". Jack anashangaa: kamanda tangu lini? Kumbe barua ya cheo ilishaletwa, Nora akaipokea, akaichoma. Jack anamminya mkewe mkono mpaka anamuumiza, anavaa mkanda na bastola, huyo anatoka.

Hoja yangu: Jack hakufa kwa ajili ya Ireland, alikufa kwa ajili ya cheo. Jirani yao, Mama Gogan, anasimulia kwamba Jack alikuwa na uhakika wa kupewa uofisa hadi akanunua mkanda wa kiofisa, akawa anasimama nao mlangoni watu wamwone, mpaka mzima taa za barabarani anakuja kuzima. Alipokosa cheo, akasusa. Alipopata, akarudi. Huyo ni mzalendo? Na kama siye, O'Casey alikuwa anasema nini kuhusu wote waliobeba bunduki wiki ile?

#2 MsomajiMkavu

Mkuu, umemhukumu Jack kwa sehemu ya kwanza tu. Nenda ya tatu. Nora ana mimba, ametoka usiku kwenda kumtafuta mumewe kwenye vizuizi vya barabarani. Anarudi anaeleza alichokiona: wanaume wamejaa hofu machoni, na hakuna hata mmoja mwenye ujasiri wa kusema anaogopa. Wanaogopa kukiri kwamba wanaogopa. Baadaye Jack anapita na Brennan, wamembeba mwenzao Langon aliyejeruhiwa tumboni. Nora anamng'ang'ania mumewe, Brennan yuko pembeni anamsukuma kwa maneno, na Jack anamtupa mkewe chini anakwenda zake. Pale hakuna tena habari ya mkanda. Anachoogopa ni wenzake watamwonaje. Aibu ndiyo iliyomuua.

#3 Kamba ya Pwani

Lawama zote kwa Jack. Nora je? Unachomaje barua ya mtu mzima, tena ya jeshi? Angempa siku ileile pengine wangezungumza yakaisha. Ndiyo maana mwisho anapigwa risasi dirishani, malipo ni hapa hapa duniani.

#4 Nesi wa Liffey

Kamba ya Pwani, Nora hafi. Anayepigwa risasi ni Bessie Burgess, jirani wa ghorofa ya juu.

Mimi naishi Dublin na tamthilia hii nimeiona pale Abbey, ukumbi wa maigizo. Sehemu ya mwisho ni hivi: mtoto wa Nora amezaliwa amekufa, akili ya Nora imeruka, anawasha moto na kuandaa chai kwa ajili ya mume ambaye ameshakufa. Anaelekea dirishani. Bessie anamvuta amwondoe, askari wa Kiingereza nje wanadhani ni mdunguzi, risasi inampata Bessie. Askari wawili wanapanda juu, wanakuta wamemuua mama wa watu. Kisha wanakaa, wanajimiminia ile chai ya Nora, wanaimba wimbo wa kwao wa kukumbuka nyumbani, na nje mji unaungua. Nilitamani mtu apande jukwaani awanyang'anye vile vikombe.

#5 Mwalimu Bonde

Msimsome Jack bila kumsoma O'Casey. Huyu hakuandika habari za kusikia. Alizaliwa Dublin mwaka 1880, familia ya Kiprotestanti iliyofukarika, akawa kibarua wa reli, na mwaka 1914 akawa katibu wa hilohilo jeshi la Citizen Army. Alitaka Countess Markievicz, mwanamapinduzi wa kike, achague moja: awe na jeshi la wafanyakazi au awe na watu wa Irish Volunteers. Hoja yake ikashindwa kwenye kura, akajiuzulu.

Naona baadhi yenu mnachanganya makundi hayo. Volunteers walianzishwa Novemba 1913 kwa ajili ya kudai Ireland ijitawale. Citizen Army lilianzishwa mwezi huohuo kwa sababu nyingine kabisa: waajiri wa Dublin walikuwa wamewafungia nje wafanyakazi wapatao 20,000 waliokataa kuukana muungano wao, na polisi walikuwa wanawapiga virungu mitaani. Bendera yao ndiyo hiyo ya plau na nyota iliyoipa tamthilia jina. Miaka miwili na kitu baadaye Connolly akaliingiza jeshi hilo katika uasi pamoja na Volunteers. Kwa O'Casey hapo ndipo bendera ya wafanyakazi ilipomezwa na bendera ya taifa. Jack ni mfanyakazi aliyepotezwa njia. Ndiyo maelezo yangu.

#6 Wa Gikomba

Mwalimu, shukrani, lakini haingii. Kama O'Casey alikuwa anawatetea wafanyakazi dhidi ya wazalendo, mbona mjamaa wa nyumba ile ndiye kituko? Young Covey, fundi mitambo, anatembea na kitabu cha nadharia chenye jina refu kama treni, anahutubia watu baa nzima juu ya matabaka, lakini Rosie, dada anayejiuza pale baa, akimsogelea kidogo anatoka mbio. Uasi ukianza, msomi wetu anarudi nyumbani na gunia la unga aliloiba na paja la nguruwe juu yake! Maskani kwetu kina Covey wapo, wana jibu la kila kitu isipokuwa kodi ya nyumba.

#7 Chumba Kimoja

Wa Gikomba, huyo Covey unayemcheka ndiye aliyesema neno zito kuliko yote. Sehemu ya nne anamwambia koplo wa Kiingereza kwamba kifua kikuu kinaua watu wengi kuliko vita, na kisa ni mfumo wanaoishi ndani yake. Koplo anamjibu kwamba hata yeye ni mjamaa, ila kazi ni kazi. Nilipofika hapo nilifunga kitabu nikapumua kwanza.

Mnaongea itikadi, mnaisahau nyumba. Septemba 1913 nyumba mbili za kupanga ziliporomoka Church Street zikaua watu 7. Serikali ikaunda uchunguzi, ikakuta zaidi ya familia 20,000 za Dublin zinaishi kila moja katika chumba kimoja. Choo cha uani, watu wote hao. Sasa mwangalieni Mollser, binti wa Mama Gogan, anayekohoa tangu sehemu ya kwanza. Anakufa wiki ya uasi na hakuna risasi iliyomgusa. Wanamlaza kwenye jeneza moja na kichanga cha Nora, na wanaume wanacheza karata sakafuni kando yake kwa sababu hakuna mahali pengine pa kukaa. Mwingereza hakumuua Mollser kwa bunduki, na jamhuri isingemponya kwa tangazo. Nimekulia chumba kimoja, ndugu na wazazi, najua ninachokisema.

#8 Mtu wa Bukavu

Salamu kutoka Kivu. Jukwaani, usiwapime watu wote wa 1916 kwa kipimo cha Jack. Sisi wa Kongo tunamkumbuka mmoja wao: Roger Casement. Alikuwa konseli wa Uingereza kwetu, mwaka 1903 akapanda mto akiandika maneno ya watu waliolazimishwa kuchuma mpira wa Leopold, na ripoti yake ya 1904 ikaonyesha ulimwengu mikono iliyokatwa. Uingereza ikampa heshima ya kuitwa "Sir" mwaka 1911. Huyohuyo Ijumaa Kuu ya 1916 alikamatwa pwani ya Kerry, ameshuka kutoka nyambizi ya Kijerumani, na tarehe 3 Agosti akanyongwa London. Alikuwa na cheo na heshima, akavitupa vyote. Hayumo kwenye tamthilia, najua, lakini wengine hawakutafuta mkanda.

#9 Jukwaani

Ndugu wa Bukavu, asante, hilo la Casement linastahili uzi wake. Swali langu ni juu ya watu wa chini, waliokuwa wanaitwa.

Iangalieni baa, sehemu ya pili. Nje kuna mkutano wa hadhara. Msemaji hatumwoni sura, ni kivuli dirishani na sauti, na maneno yake O'Casey ameyachukua kwenye hotuba za Patrick Pearse, mmoja wa viongozi wa uasi: kwamba kumwaga damu kunatakasa taifa. Ndani, Rosie analalamika kwamba biashara imekufa kwa kuwa watu wote wamepandwa na mambo matakatifu. Mama Gogan na Bessie wanatukanana hadi kichanga cha Mama Gogan kinasahaulika sakafuni, mzee Peter anabaki nacho hajui amshike wapi. Kisha wanaingia Jack, Brennan na Langon, wameshika bendera mbili, macho yanawaka. Mmoja anasema Ireland ni kubwa kuliko mama, mwingine anasema ni kubwa kuliko mke. Tarumbeta inalia, wanakunywa, wanatoka. Jack pale si mtu wa cheo wala mwoga, amelewa sauti. Kwa hiyo nakubaliana nusu na MsomajiMkavu, lakini naongeza: kuna mtu aliyemlewesha.

#10 Kamba ya Pwani

Na hiyo bendera kuingizwa baa ndiyo iliyowasha moto. Siku ya kwanza tu ya onyesho watu walivunja viti.

#11 Nesi wa Liffey

Siyo siku ya kwanza. Lilifunguliwa pale Abbey Jumatatu tarehe 8 Februari 1926, ukumbi umejaa na mapokezi mazuri. Vurugu kubwa ilikuwa Alhamisi tarehe 11. Watu walipanda jukwaani, waigizaji wakapigana nao, na Barry Fitzgerald aliyecheza Fluther, yule seremala mlevi, alirusha ngumi za kweli. Mshairi W. B. Yeats, mmoja wa wakurugenzi wa ukumbi, akatoka mbele akawafokea kwamba wamejiaibisha tena. Alisema tena kwa sababu mwaka 1907 ukumbi huohuo ulikumbwa na ghasia kwa ajili ya tamthilia ya Synge.

Ila msiseme "watu" kana kwamba walikuwa wahuni. Walioongoza malalamiko wengi ni wanawake, wajane na ndugu wa waliokufa 1916. Mmoja ni Hanna Sheehy-Skeffington. Mumewe Francis alikuwa mpinga vita. Wiki ile ya Pasaka alikuwa mitaani anajaribu kuwazuia watu wasipore maduka. Jioni akikaribia nyumbani wanajeshi wakamkamata, na asubuhi ya 26 Aprili ofisa mmoja akaamuru apigwe risasi kambini Portobello, bila kesi. Sasa mweke mama huyo kwenye kiti cha ukumbi, sehemu ya tatu, uporaji unachekesha watu mpaka wanashika mbavu. Nampenda O'Casey kwa moyo wangu wote, lakini siwezi kumwambia mama yule akae chini anyamaze.

#12 Mwalimu Bonde

Na hakunyamaza. Hanna alijibizana na O'Casey magazetini, kisha wakakutana kwenye mdahalo wa hadhara. Tukumbuke pia ukumbi ulikuwa unapokea ruzuku ya serikali tangu 1925, na aliyekuwa akiiwakilisha serikali kwenye bodi, Profesa George O'Brien, alishataka Rosie aondolewe kabla ya yote. Kwa hiyo O'Casey alipigwa na pande mbili: wenye heshima hawakumtaka kahaba, wenye wafu hawakutaka dhihaka. Mwaka huohuo akahamia Uingereza.

#13 MsomajiMkavu

Nina jambo ambalo sijaona mtu analigusa, nalo linampa nguvu Mwalimu (#5) na kumdhoofisha kwa wakati mmoja.

Jack anafia wapi? Imperial Hotel. O'Casey hakuokota jina. Hoteli hiyo ilikuwa mkabala na Posta Kuu, makao makuu ya uasi, na mwenye mali ni William Martin Murphy. Ndiyo, yuleyule Murphy aliyewaongoza waajiri mwaka 1913 kuwafungia wafanyakazi nje! Agosti mwaka ule Jim Larkin, kiongozi wa wafanyakazi, alijipenyeza hotelini humo amejibadilisha sura, akahutubia kutoka kwenye roshani, na polisi wakawashukia watu kwa virungu. Wiki ya Pasaka ya 1916 Connolly akaamuru bendera ya plau na nyota ipandishwe juu ya hoteli hiyohiyo.

Kwa hiyo mwashi Jack Clitheroe amekufa ndani ya jengo la tajiri aliyewanyima wenzake mkate, chini ya bendera ya wafanyakazi. Mwalimu anasema bendera hiyo ilimezwa. Mimi nasema Connolly alijua alichokifanya: hakuna mahali pengine Dublin ambapo mfanyakazi angeipandisha kwa haki zaidi ya pale. Na O'Casey, aliyejiuzulu kwa hasira, bado alimpeleka Jack wake akafie pale. Alikuwa hajamaliza kulipenda jeshi lile.

#14 Wa Gikomba

Hiyo ya Murphy imenifanya nisimame. Heko.

Mimi ninayesoma nikilinganisha na Kinjeketile ya Ebrahim Hussein naona tofauti moja kubwa. Kinjeketile tunaingia ndani yake, tunaona anavyoteseka na neno alilolitoa, na mwisho anakataa kulikana kwa ajili ya watakaozaliwa. Kwa O'Casey kiongozi ni kivuli tu. Hatujui kama Pearse alikuwa na shaka hata kidogo. Hapo nadhani O'Casey hakutenda haki. Pearse alipigwa risasi tarehe 3 Mei, Connolly tarehe 12 akiwa amefungwa kwenye kiti kwa sababu ya majeraha. Watu hao walilipa kwa miili yao. Huwezi kumweka mtu dirishani kama kivuli halafu ukasema umemjibu.

#15 Shangazi wa Mikindani

Wanangu, mmefika post ya kumi na tano mnahesabu bendera. Bessie mmempa mistari miwili.

Bessie ni mchuuzi wa matunda, mlevi, mdomo mchafu, na ndiye pekee nyumba ile anayempenda mfalme wa Uingereza. Mwanawe yuko vitani Ulaya. Uasi ukianza anatoa kichwa dirishani anawaimbia wenzake nyimbo za Uingereza kuwachoma roho. Kwa itikadi zenu huyo ni adui. Lakini nani anampa Mollser kikombe cha maziwa kimyakimya? Bessie. Nani anatoka risasi zikilia kwenda kumtafutia Nora daktari? Bessie. Nani anakesha na Nora usiku mfululizo, mwehu wa watu, asiye ndugu yake? Covey ana nadharia, Jack ana kiapo, Peter ana upanga wa sherehe na kofia ya manyoya. Hata Bessie na Mama Gogan, waliotaka kung'oana macho baa, wanagombania kigari cha mtoto kisha wanakwenda nacho kupora pamoja. Nimeuguza wagonjwa wa watu, najua kukesha ni nini. Maelezo yangu ni hayo: itikadi zote zilishindwa kumhudumia mgonjwa mmoja.

#16 Nesi wa Liffey

Shangazi, shikamoo. Naongezea juu ya wanawake wa aina ya Bessie. Walikuwepo wengi Dublin, wanaoishi kwa posho ya jeshi la Uingereza kwa sababu mume au mtoto yuko mstari wa mbele, na wafungwa wa uasi waliposindikizwa mitaani, wanawake hao waliwazomea. Wiki ileile ya Pasaka, tarehe 27 hadi 29 Aprili, huko Hulluch Ufaransa, Wajerumani walitupa gesi ya sumu juu ya wanajeshi wa Kiairishi na zaidi ya 500 wakafa. Ukihesabu, hao ni wengi kuliko waliokufa Dublin nzima, raia na wapiganaji pamoja. Huku kwa miaka mingi hao wa Hulluch hawakusemwa kwa sauti. O'Casey alimpa mama yao nafasi ya kufa katikati ya jukwaa mwaka 1926, miaka 10 tu baadaye.

#17 Kamba ya Pwani

Shangazi, shikamoo. Lakini Bessie msimfanye malaika. Akishapigwa risasi anamtukana Nora tusi baya kwamba yeye ndiye aliyemponza. Anajuta kumsaidia.

#18 Shangazi wa Mikindani

Marahaba. Anatukana kwa sababu anaumia na hataki kufa. Ulitaka ashukuru? Baada ya tusi anaomba Mungu na kuimba wimbo wa kanisani mpaka pumzi inakata. Wewe ungeimba?

#19 Mwalimu Bonde

Shangazi, naheshimu, ila ukisema itikadi zote zilishindwa, unabaki na huruma ya jirani tu. Huruma ya jirani haikupunguza hata chumba kimoja kati ya vile 20,000. Muungano wa wafanyakazi ungeweza. O'Casey hakuacha kuuamini ujamaa hadi alipofariki 1964.

#20 Chumba Kimoja

Hapo niko na Mwalimu. Maziwa ya Bessie yalikuwa mema, na Mollser alikufa.

#21 Jukwaani

Nimesoma kila post. Kuna kitu nimekigundua nikirudia sehemu ya nne. Habari za kifo cha Jack tunazipata kwa mtu mmoja tu: Brennan. Anasema Jack alipigwa risasi, hoteli ikamwangukia inawaka, na maneno yake ya mwisho yalikuwa Nora awe jasiri, kwamba anajivunia kufa kwa ajili ya Ireland. Lakini Brennan mwenyewe alimwacha, akakimbia, akavaa nguo za kiraia. Akishamaliza kusimulia utukufu huo anakaa kucheza karata na wenzake. Mnamwamini?

#22 Wa Gikomba

Mkuu, ukimtilia shaka Brennan, basi na wewe rudisha ushahidi wako. Habari ya mkanda wa mlangoni umeipata kwa Mama Gogan, mama ambaye tunamwona anafungua kifurushi cha Nora kuangalia amenunua kofia gani. Utukufu wa Jack ni wa Brennan, fedheha ya Jack ni ya mbea wa nyumba. Yeye mwenyewe hatujamsikia.

#23 MsomajiMkavu

Tumemsikia. Nora alipomtupia usoni kwamba majivuno yake yatawaangamiza wote wawili, Jack alikuwa na nafasi ya kujitetea. Alimminya mkono. Halafu Fluther alikuwepo Mama Gogan akisimulia habari ya mkanda, na Fluther ni mbishi wa kila jambo nyumba ile. Hilo hakulibisha.